MAUMIVU NA KUKAKAMAA KWA BEGA: TIBA YA VIUNGO KWA NJIA YA SIMU NA KUJITUNZA NYUMBANI

Somo la afya kwa watumishi wa umma na wananchi wa Unguja na Pemba

Watumishi wa umma na wananchi wote wanaletewa somo hili juu ya maradhi ambayo hayaui, lakini humwondolea mtu uhuru wake kidogo kidogo. Mwenye maumivu ya bega huanza kwa kushindwa kulalia upande mmoja. Baada ya wiki chache hushindwa kulifikia faili lililo rafu ya juu. Mwanamke hushindwa kuchana nywele zake, na mwanamme hushindwa kuvaa kanzu bila ya kusaidiwa. Hata kunyanyua mikono kwa takbira wakati wa sala huwa ni taabu. Wengi husema kuwa ni baridi imeingia, wakajipaka dawa ya kuchua na kungoja. Wengine huenda kuvutwa mkono kwa nguvu, wakarudi na maumivu makubwa kuliko waliyokwenda nayo.

Lengo la somo hili ni kueleza namna bega linavyofanya kazi, namna ya kuyatambua maradhi yake, wakati gani mgonjwa aende hospitali bila ya kuchelewa, na namna anavyoweza kupata maelekezo ya mtaalamu kwa simu na kujitibu kwa mazoezi nyumbani.

1. BEGA LILIVYOUMBWA

Bega ndicho kiungo chenye uwezo mkubwa wa kuzunguka kuliko viungo vyote vya mwili. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni duara, nacho hukaa juu ya kikombe kidogo kisicho na kina kilichopo kwenye kombe la bega. Mfano wake ni dafu lililowekwa juu ya kisahani. Kinachozuia dafu hilo lisianguke si kisahani, bali ni vitu viwili. Cha kwanza ni mfuko laini unaokizunguka kiungo chote. Cha pili ni misuli minne ambayo kano zake hukikumbatia kichwa cha mfupa kwa mbele, juu na nyuma.

Kwa hivyo, maumivu mengi ya bega hayatokani na mfupa. Hutokana na kano au na ule mfuko. Ndiyo maana picha ya eksirei mara nyingi haioneshi kasoro yoyote ilhali mgonjwa anaumia kweli, na si haki mtu huyo kuambiwa kuwa anajifanya.

2. MARADHI MAWILI YANAYOCHANGANYWA

(a) Maradhi ya kano. Kano huchoka kwa kazi ya kunyanyua mkono mara kwa mara au kwa kubeba mizigo, na pia kwa umri. Mchumaji wa karafuu anayenyoosha mkono kuvuta tawi siku nzima, mkulima wa mwani anayebeba gunia la mwani mbichi, mpaka rangi na fundi wa dari, wote wamo katika hatari hii. Maumivu huwa makali mkono unapopandishwa kwa upande. Hata hivyo, mtu mwengine akiunyanyua mkono huo taratibu, hupanda.

(b) Bega lililoganda. Hapa ni ule mfuko wa kiungo unaovimba, ukawa mnene na kusinyaa, mithili ya nguo iliyorudi baada ya kufuliwa. Mkono haupandi, akiunyanyua mgonjwa mwenyewe au akinyanyuliwa na mwengine.

Maradhi haya ya pili yana historia ndefu. Mwaka 1872 daktari wa Kifaransa, Simon-Emmanuel Duplay, aliandika juu ya bega linalouma na kukakamaa. Mwaka 1934 daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, Ernest Amory Codman, aliyapa jina la bega lililoganda, nalo limebaki hadi leo. Mwaka 1945 Julius Neviaser, naye wa Marekani, alionesha kuwa kiini cha maradhi kimo katika mfuko wa kiungo.

Bega lililoganda huwapata zaidi watu wa umri baina ya miaka 40 na 60, na wanawake zaidi ya wanaume. Huwapata pia waliofungwa mkono kwa muda mrefu baada ya kuvunjika, na wenye maradhi ya tezi la shingo. Lakini jambo ambalo kila msomaji anatakiwa alishike ni hili: wenye maradhi ya kisukari hupatwa na bega lililoganda mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na kwao hukawia zaidi kupona. Mtu ambaye bega lake limekakamaa bila ya sababu ya wazi anashauriwa akapimwe sukari. Huenda bega likawa ndilo lililotoa habari ya kwanza.

Maradhi hupita katika vipindi vitatu. Kipindi cha kwanza ni cha maumivu, hasa usiku, nacho huchukua miezi kadhaa. Cha pili ni cha kukakamaa: maumivu hupungua lakini mkono hausogei. Cha tatu ni cha kufunguka taratibu. Safari yote huchukua kwa kawaida mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hupata nafuu kubwa, ingawa baadhi hubakiwa na ukakamavu kidogo. Mwenye kulijua hili hakati tamaa mwezi wa nne, wala hahangaiki kutoka kwa mganga mmoja hadi mwengine.

3. KUJIPIMA NYUMBANI

Mgonjwa asimame mbele ya kioo, avigandishe visugudi vyake kwenye mbavu na kuvikunja hadi mikono ya mbele ielekee mbele. Kisha aifungue mikono yote miwili kwa nje, kama mtu anayefungua mlango wa mbao mbili. Ikiwa ubao mmoja unafunguka na mwengine unakwama karibu na pale ulipoanzia, dalili ya bega lililoganda ni kubwa. Ikiwa yote miwili inafunguka sawa, lakini kupandisha mkono kwa upande kunauma, dalili inaelekea kwenye kano. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari. Humpa mgonjwa jambo la hakika la kumweleza mtaalamu.

4. DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mgonjwa asingojee simu wala mazoezi, bali aende hospitali mara moja, akiona mojawapo ya haya:

(i) Maumivu ya bega au mkono, hasa wa kushoto, yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi. Hayo huenda yakawa maradhi ya moyo.

(ii) Bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka, ajali ya pikipiki au kuanguka mkarafuu. Bega lililotenguka lisirudishwe na asiye mtaalamu, kwani mishipa ya fahamu na ya damu hupita karibu na kwapa.

(iii) Homa pamoja na bega lililovimba, jekundu na la moto.

(iv) Mkono uliopoteza nguvu ghafla au uliokufa ganzi.

(v) Uvimbe unaokua, au maumivu yanayoambatana na kukonda bila ya sababu.

5. KWA NINI TIBA KWA SIMU INAWEZEKANA

Mkaazi wa Kojani, Tumbatu au Fundo anayetaka kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo hulazimika kupanda chombo, kisha gari, na kupoteza siku nzima ya kazi. Akitakiwa arudi kila wiki, mara nyingi huenda mara mbili tu, akaacha. Tatizo hili si la visiwani pekee. Wakati wa maradhi ya korona mwaka 2020, nchi nyingi zililazimika kutoa tiba ya viungo kwa simu na kwa picha za video, na wataalamu wengi wakaendelea na njia hiyo hata baada ya hapo.

Ipo pia hoja ya kitaalamu. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021 uliwahusisha wagonjwa 708 wenye maradhi ya kano za bega. Baadhi yao walihudhuria kwa mtaalamu hadi mara 6 na kuongezewa mazoezi hatua kwa hatua. Wengine walikutana naye mara moja tu, wakapewa maelezo mazuri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya miezi 12 haikuonekana tofauti ya maana baina ya makundi hayo. Utafiti mwengine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2020, uliwahusisha wagonjwa 503 wenye bega lililoganda. Ulilinganisha upasuaji, kunyooshwa bega chini ya dawa ya usingizi, na tiba ya viungo pamoja na sindano ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa makundi yote walikuwa wamepata nafuu kubwa, na hakuna njia iliyozishinda nyengine kwa kiasi cha kumpa mgonjwa faida ya wazi.

Ni kweli kwamba wagonjwa wa tafiti hizo walionwa ana kwa ana. Hata hivyo, funzo lake ni kubwa: sehemu kubwa ya dawa ya bega imo katika mikono ya mgonjwa mwenyewe, alimradi ameelekezwa sawasawa na anafanya kila siku. Kwa hivyo njia iliyo bora kwa wakaazi wa mbali ni kuonwa mara moja katika kituo cha afya au hospitali, kisha kufuatiliwa kwa simu.

6. NAMNA YA KUONANA NA MTAALAMU KWA SIMU

Kabla ya siku ya miadi mgonjwa aandike: maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, dawa anazotumia, maradhi mengine aliyonayo, na mambo matatu anayoshindwa kuyafanya. Ikiwa simu ina video, iwekwe juu ya meza, kwa urefu wa kifua, hatua mbili au tatu kutoka alipo. Mwanga uwe mbele yake, si nyuma. Mwanamke ana haki ya kuomba mtaalamu mwanamke na kukaa na jamaa yake wakati wa mazungumzo. Ikiwa mtandao ni dhaifu, simu ya kawaida ya sauti inatosha kwa mambo mengi.

Mfano ufuatao, ambao umebuniwa kwa ajili ya somo, unaonesha mazungumzo yanavyokwenda baina ya mtaalamu na karani wa kike mwenye umri wa miaka 52.

– Assalaamu alaykum, mama. Bega linakupa taabu tangu lini?
– Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Tangu baada ya Iddi. Nilidhani nimelilalia vibaya.
– Maumivu mama unayapa ngapi, ikiwa sifuri ni hakuna na kumi hayavumiliki?
– Mchana matatu. Usiku saba, silali.
– Ukifungua mikono kama mlango, upi unakwama?
– Wa kulia hauendi popote.
– Mama umewahi kupimwa sukari?
– Sijapimwa. Mimi mzima, ni bega tu. Ila kiu inanisumbua, na usiku naamka mara nyingi kwenda chooni.
– Basi mama, kabla ya mazoezi, kesho uende kituoni ukapimwe sukari na bega lako lionwe. Ukirudi nipigie.

Katika mazungumzo hayo mtaalamu hakugusa bega, lakini maswali yake yamefichua jambo kubwa kuliko bega. Hivyo ndivyo mashauri ya simu yanavyotakiwa yawe: maswali kwanza, mazoezi baadaye. Wananchi wajihadhari na mtu yeyote anayeuza dawa au mazoezi kwa simu bila ya kuuliza lolote, au asiyekubali kutaja kituo anachofanyia kazi. Aidha, picha za mwili wa mgonjwa zisitumwe ovyo kwa watu.

7. MAZOEZI YA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya kuanza, bega lipashwe moto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, kwa dakika 10 hadi 15. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia za ngozi ajihadhari asijiunguze.

Zoezi la kwanza: kuning'iniza. Mgonjwa ainame, aegemee meza kwa mkono mzima, na kuuacha mkono unaouma uning'inie. Autikise mwili taratibu ili mkono uende mbele na nyuma, kisha mduara mdogo, kwa dakika 1 au 2. Zoezi hili hutajwa kwa jina la yule daktari Codman, nalo linafaa hata katika kipindi cha maumivu makali.

Zoezi la pili: bakora. Mgonjwa alale chali, kisugudi kikae juu ya taulo iliyokunjwa, kikiwa kimekunjwa na kugusana na mbavu. Aishike bakora kwa mikono miwili, na mkono mzima uusukume ule mgonjwa kwa nje mpaka ahisi mvuto. Angoje kwa sekunde 5, arudishe. Mara 10.

Zoezi la tatu: kupanda ukuta. Mgonjwa asimame akiuelekea ukuta, vidole vyake vipande juu kidogo kidogo kama buibui, bila ya kulinyanyua bega kuelekea sikioni. Pale vinapoishia patiwe alama ya chaki na tarehe. Alama hiyo ndiyo kumbukumbu ya tiba, na ndiyo atakayoulizwa kwenye simu. Mara 10.

Zoezi la nne: kanga mgongoni. Mkono mzima uishike kanga kwa juu ya bega, na mkono mgonjwa uishike kwa chini, mgongoni. Mkono wa juu uvute taratibu. Zoezi hili lisifanywe katika kipindi cha maumivu makali, bali lingojee mpaka maumivu ya usiku yapungue.

Zoezi la tano: kusukuma ukuta bila ya kusogea. Kisugudi kikiwa kwenye mbavu, mgonjwa ausukume ukuta kwa ngumi, kwa nguvu ya wastani, sekunde 5 hadi 10, mara 10. Zoezi hili huanza kuzirejeshea kano nguvu bila ya kuzichosha.

Mazoezi yafanywe mara 2 au 3 kwa siku. Kanuni ya maumivu ni hii: mvuto na maumivu madogo yanaruhusiwa, lakini yasizidi 4 katika 10, na yatulie muda mfupi baada ya kumaliza. Mgonjwa akiamka asubuhi na maumivu zaidi ya jana, amezidisha. Apunguze, asiache. Kidogo cha kila siku kina faida kuliko kingi cha siku moja kwa wiki.

8. KUJITUNZA USIKU NA KAZINI

Usiku mgonjwa alalie ubavu mzima na kukumbatia mto, au alale chali akiwa ameweka nguo iliyokunjwa chini ya kisugudi. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kutumia vidonge vya parasetamoli kwa kufuata maelekezo ya pakiti, na bila ya kupindukia gramu 4 kwa saa 24. Mwenye maradhi ya ini au uzito mdogo aulize kwanza. Dawa kama diklofenaki zisitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, maradhi ya moyo au shindikizo la damu bila ya ushauri wa daktari. Sindano ya steroidi huweza kupunguza maumivu katika kipindi cha mwanzo, lakini hupigwa hospitali tu, na mwenye kisukari aelezwe kuwa sukari yake huenda ikapanda kwa siku chache baada ya hapo.

Kwa watumishi wa maofisini, kompyuta ikae mbele ya macho na mikono ipate kuegemea meza, na mtu ainuke walau kila nusu saa kuzungusha mabega. Mafaili yanayotumika kila siku yawekwe baina ya kiuno na kifua. Wakuu wa idara wanashauriwa kuwabadilishia kazi kwa muda wale walioumia, kwani karani anayefanya kazi nyepesi wiki sita ni bora kuliko anayelazimika kuacha kabisa. Wakulima wa mwani wagawe mzigo katika safari mbili. Wakunaji wa nazi na watwangaji wapokezane.

9. MAMBO YA KUEPUKWA

(i) Kuufunga mkono kwa kitambaa shingoni kwa wiki nyingi bila ya amri ya daktari. Bega lisilosogezwa hukakamaa.

(ii) Kuvutwa au kukandwa kwa nguvu. Kuchuliwa kwa upole si vibaya, lakini mfuko uliovimba ukilazimishwa huzidi kuvimba.

(iii) Kuacha mazoezi kwa sababu maumivu yamekwisha. Maumivu huondoka kwanza, na uwezo wa kusogea hurudi baadaye.

10. UFUATILIAJI

Mgonjwa azungumze na mtaalamu baada ya wiki 1, kisha wiki 3, kisha wiki 6. Kila mara aeleze mambo matatu: maumivu ya usiku ni mangapi katika 10, alama ya chaki imepanda kiasi gani, na lipi kati ya yale matatu aliyoyashindwa sasa analiweza. Ikiwa baada ya wiki 6 hakuna lililobadilika, aende kuonwa ana kwa ana.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini eksirei huweza kuwa safi ilhali bega linauma?
2. Ni kipimo gani cha nyumbani kinachotenganisha bega lililoganda na maradhi ya kano?
3. Kwa nini mwenye bega lililoganda apimwe sukari?
4. Taja dalili tatu za kukimbilia hospitali.

Wananchi wanaombwa kulihifadhi somo hili na kuwasomea wazee wasioweza kusoma. Masheha, walimu wa skuli na viongozi wa vikundi vya wakulima wa mwani wanaweza kulitumia katika mikutano yao. Bega lililoganda halifunguki kwa siku moja. Lakini mwenye chaki, bakora na subira, na mtaalamu wa kumwongoza, ana kila sababu ya kutarajia kuwa iko siku alama yake itapanda ukutani, na mkono wake utaifikia tena rafu ya juu.